Donald Pleasence hakwenda Halloween kuchukua hela tu

Kuna watu wakimuona muigizaji mkongwe kwenye muvi ya kutisha ya bei chee wanasema ndo kaishiwa huyo, kafuata mshiko. Na kwa Pleasence kwenye Halloween ya 1978 hawakosi pa kushikia: bajeti nzima kama dola 300,000 hivi, yeye akachukua 20,000 kwa siku tano za kazi, tena muigizaji mwenzake Christopher Lee alishaikataa hiyo nafasi ya Dokta Loomis. Pleasence mwenyewe alikubali zaidi kwa vile binti yake alipenda muziki wa muvi ya nyuma ya John Carpenter, mwongozaji wa Halloween. Haya, tuseme alienda kwa ajili ya hela.

Ila ziangalie hizo siku tano zilivyotumika. Michael Myers, muuaji wa kwenye muvi, haongei, kavaa kinyago cha dukani kisichofika hata dola mbili kikapuliziwa rangi nyeupe, sasa mtu huyo anatishaje? Anatisha kwa sababu Dokta Loomis anamuogopa, basi. Daktari mzima, ndiye aliyekuwa anamtibu, anasimama kwenye nyumba tupu usiku anamwambia sherifu kwamba miaka nane alihangaika kumfikia Michael tangu akiwa mtoto, na saba iliyofuata akahangaika asije akatoka. Maneno yenyewe ukiyasoma kwenye karatasi unaweza kucheka. Angekenua kidogo tu, kale kakonyezo ka wakubwa ka kutuambia "na mimi najua huu upuuzi", muvi imekufa hapohapo. Hakukenua hata mara moja.

Halafu kuna ile sini ya mwisho, Loomis kampiga Michael risasi kaanguka toka ghorofani, anachungulia chini, hayupo. Carpenter anasimulia kwamba Pleasence ndo alimwambia naweza kushtuka, au naweza kuwa kama nilijua tu, wakapiga zote mbili ikatumika ya pili. Mtu aliyefuata hela hana muda wa kufikiria sura mbili za sekunde chache!

Sasa muendelezo wake ndo hapo wakosoaji wananibana, ile ya tano ya 1989 anamfokea katoto ka watu muvi nzima mpaka unachoka, imezidi kweli, sibishi. Lakini hata pale anafoka kwa mishipa yote ya shingo, umri karibu 70, kwenye muvi ambayo angeweza kusimama tu na koti lake na bado wangemlipa.