Mzee wa masijala sio kikwazo

Kila nikikaa na vijana wa maofisini hapa Dodoma malalamiko ni yaleyale, wazee wanabana, hawataki mfumo wa kompyuta, kila kitu "leta faili". Na kweli wana haki ya kulalamika. Dogo ana digrii, ndo anamjazia bosi PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na kumfungulia ofisi mtandao, ule wa mafaili ya kielektroniki, asubuhi, halafu kwenye kikao akinyoosha mkono anaambiwa asubiri wakubwa wamalize. Wengine wanajitolea tu, hata nauli ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, wanajitegemea. Hilo linaumiza na sitalitetea.

Ila hii ya kusema mzee anaogopa kompyuta mi naona tumemsoma vibaya. Mwaka huu nilimsindikiza mama mmoja mjane kwenye ofisi fulani hapa mjini kufuatilia kiwanja cha marehemu mumewe. Kijana wa dirishani, mstaarabu kabisa, akatafuta jina la mama kwenye mfumo, hakuna. Akatafuta la mume, hakuna. Akasema mama rudi wiki ijayo. Mzee mmoja alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, akasimama akauliza, shikamoo za pale zikaisha, "marehemu zamani alikuwa anaandikwa vipi?" Kumbe faili lilifunguliwa kwa jina la ubatizo na la babu, sio yale aliyotumia baadaye. Mzee akaingia masijala, chumba cha kutunzia mafaili, haikufika nusu saa akatoka nalo lina vumbi. Kijana naye akaliskani palepale na mama akaondoka na majibu.

Yaani mzee akisema leta faili anaulizia historia ya jambo, nani aliamua, kwa nini, na kabla ya hapo ilikuwaje. Mfumo unakuonyesha kilichoingizwa tu. Na mji wetu huu umebadilika sana, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa inasimamia viwanja, iliundwa 1973 ikavunjwa 2017 na shughuli zake zikaenda manispaa, mwaka uliofuata tukawa jiji. Mtu aliyekuwepo kazini kipindi chote hicho anajua karatasi gani ilihamia kabati gani.

Sasa kinachoninyima raha ni hii miaka 60. Mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na 55, kwa lazima 60, kwa hiyo tarehe ya mtu kuondoka inajulikana tangu siku anaajiriwa. Haitushtukizi! Lakini ikifika anakabidhi nini? Funguo, kompyuta, gari kama analo, orodha ya vifaa inasainiwa, anapigwa picha na keki. Miaka thelathini na kitu iliyo kichwani hakuna fomu yake. Wiki mbili baadaye ofisi inampigia simu nyumbani, baba samahani, lile faili uliliweka wapi, na yeye yuko Kondoa analima alizeti zake, mtandao unakatakata.

Kumkalisha kijana mezani kwa mzee mwaka wa mwisho mzima, mmoja aelekeze mwingine aingize kwenye mfumo, kunahitaji kiti tu. Na kijana akae kama mwenzake wa kazi, asitumwe vocha, la sivyo atachukia na hatajifunza kitu.

Yule mzee wa kikombe anastaafu mwakani mwezi wa sita. Kijana wa dirishani nilimuuliza kama amewahi kuingia naye masijala, akasema hapana, hajawahi kutumwa.