Mapafu hayazoei vumbi

Kiangazi kikikolea hapa Dodoma na upepo ukianza kunyanyua udongo, utasikia watu wakisema: "Vumbi? Sisi tumeshalizoea." Hata mimi nimesema hivyo miaka mingi. Siku hizi sisemi tena.

Mama yangu mdogo anagonga kokoto. Anakaa chini ya turubai, jiwe amelizungushia kipande cha mpira wa tairi ili vipande visiruke, khanga ameifunga puani, nyundo inapanda na kushuka. Jioni, kabla ya kuoga, hupenga makamasi kiganjani na kunionyesha. Mazito, rangi ya kahawia. "Unaona, mwanangu? Limetoka lote."

Nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo inanistaajabisha. Vinyweleo vya puani hudaka chembe kubwa, ute hunasa zinazoponyoka, na hewa kavu ya Agosti hupata joto na unyevunyevu humo humo puani kabla haijashuka. Papasa shingo yako kwa mbele, chini ya koo: zile pete ngumu ni gegedu, ndizo zinazoliweka wazi bomba la hewa muda wote. Ndani ya bomba hilo kuna vinyweleo vingine, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mawimbi kuelekea juu usiku na mchana. Vinasukuma ute wenye uchafu hadi kooni, nasi tunaumeza au kuutema bila hata kufikiri. Ni mfagio usiolala.

Sasa nusu ya pili. Bomba hilo hugawanyika matawi mawili, moja kila pafu, nayo yakagawanyika tena na tena, zaidi ya mara 20, hadi kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni mamilioni kwa mamilioni, na kuta zake ni nyembamba mno ili oksijeni ipenye kuingia kwenye damu na hewa chafu itoke. Huko mfagio haufiki. Na vumbi linalofika huko ni lile jembamba kabisa, la chembe zisizofika hata mikroni 5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Hilo halionekani kiganjani, na khanga hailizuii.

Mawe yetu mengi ni granaiti, na ndani ya granaiti mna madini yaitwayo silika. Seli za ulinzi zilizomo kwenye vifuko humeza chembe za silika, zinakufa, chembe zinabaki pale pale, seli nyingine zinazimeza, nazo zinakufa. Pafu linajaa makovu, na kovu halitanuki mtu anapovuta pumzi. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humrahisishia kifua kikuu kuingia. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujionyesha, hivyo mgonjwa anaposhindwa kupanda kilima watu husema ni umri.

Kinachopunguza vumbi hilo kinajulikana: maji. Jiwe likilowa, sehemu kubwa ya vumbi haipai. Najua wasomaji wa hapa mtaniuliza maji yenyewe yako wapi, maana kuna mitaa ambayo dumu moja ni foleni ya asubuhi nzima. Ndiyo maana sitaki mzigo huu wabebeshwe akina mama peke yao. Tangu Serikali ihamie hapa, majengo hayaishi kuota, na kokoto zake nyingine zimetoka kwenye nyundo zao. Mkandarasi anayetuma lori kuchukua kokoto anaweza kutuma na boza la maji. Aongeze na barakoa zile nzito zinazobana uso vizuri, si kitambaa.

Wiki iliyopita nilimpelekea mama mdogo madumu mawili. Alilowesha mawe, akagonga, akalalamika kwamba nyundo inateleza. Tukaufunga mpini kwa kipande cha mpira wa tairi, akaendelea. Picha ya kifua amekubali kupiga, lakini anataka kwanza amalize tripu aliyoahidi kwa Jumamosi.