Saba Kushuka Chini

Nilimaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikarudi Morogoro kusubiri matokeo nikiwa na kichwa kikubwa kuliko begi langu. Mama alikuwa akikaanga vitumbua barazani. Nikaegemeza ukutani, hatua mbili kutoka kwenye karai lake, plaibodi niliyoipaka rangi nyeusi, nikatangaza tuisheni kwa wanaojiandaa kuingia kidato cha tano. Shilingi 500 kwa kichwa, kwa kipindi. Wakaja watano.

Siku ya tatu nikawaambia leo tunaingia hesabu za kubwa-kuliko zenye x juu na x chini, zile zinazolaza watu macho bwenini. Nikaandika kwa mbwembwe:

(x + 3)/(x − 2) ≥ 2

"Hii mteremko," nikasema. Nikazidisha pande zote kwa x − 2, asili, yaani ile ya chini ya mstari, ikatoweka, ikabaki x + 3 ≥ 2x − 4. Jibu: x ≤ 7. Nikalipigia mistari miwili mpaka chaki ikakatika. Wateja wa vitumbua wakatikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Mama akanitupia lile jicho la "huyu nimemzaa mimi".

Binti wa fundi cherehani, ambaye siku zote mbili hakufungua kinywa, akanyoosha kidole.

"Kaka, sifuri si iko chini ya saba?"

"Iko, tena mbali."

"Nimeiweka. Juu napata tatu, chini hasi mbili. Hiyo ni hasi moja na nusu. Sasa hasi moja na nusu inaizidije mbili?"

Mteja mmoja akaacha kutafuna.

Kosa nililiona palepale, na hilo ndilo lililoniuma. Hiyo x − 2 hujui kama ni chanya au hasi, na ukizidisha kwa hasi, mdomo wa alama lazima ugeukie upande wa pili. Mwalimu wetu alilisema kila wiki. Mimi nilikuwa nyuma nachora kipara chake.

Nikafuta. Nikaihamisha ile 2, nikaweka vyote juu ya asili moja, nikapata (7 − x)/(x − 2) ≥ 0. Nikachora mstari wa namba, nikatia alama kwenye 2 na 7, nikajaribu namba kila kipande: kushoto hasi, katikati chanya, kulia hasi. Nikaandika 2 ≤ x ≤ 7, nikakandika vidoa viwili vizito vya chaki, nikapangusa mikono na kuomba kitumbua.

Binti akabonyeza kalkuleta, kisha akaizungusha wote waone kioo: Math ERROR.

"Nimeweka mbili, kaka."

Mbili kutoa mbili. Nilikuwa nimegawanya kwa sifuri mbele ya mama yangu mzazi. Pale kwenye 2 palitakiwa kiduara kitupu, na alama isiwe na "sawasawa".

"Baba," mama akauliza huku akigeuza vitumbua, "hawa umewatoza shilingi ngapi?"

Akawarudishia kwa vitumbua, vitano kwa kila mmoja, kimoja 100. Deni likawa langu.

Tuisheni iliendelea, ila yule binti sikumtoza tena. Yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha. Tatizo ni wateja wa vitumbua. Nikienda dukani kuomba mayai saba, muuzaji ananiuliza kwa uso mkavu kabisa:

"Saba kamili, au saba kushuka chini?"