Scotland mtoto wa kike alirithi cheo tangu 1771, sisi Bukoba bado tunabishana

Mimi naishi huku Scotland kaskazini, na kila nikipita Golspie nikiliona kasri la Dunrobin la ukoo wa Sutherland nawakumbuka wazee wetu wa Bukoba wanaosema ukimpa mtoto wa kike kibanja (shamba la migomba la ukoo) amekihamishia ukoo mwingine. Jamani hiyo hoja hata huku ilikuwepo! Mwaka 1766 Earl (cheo cha kikabaila cha kurithi) wa 18 wa Sutherland alifariki, mkewe nae mwaka huohuo, kikabaki kitoto cha kike, Elizabeth, mwaka mmoja tu. Ndugu wa kiume wakajitokeza kudai cheo, kesi ikafika kwa malodi, wale wa bunge la juu, London na 1771 wakaamua cheo ni cha mtoto, hata miaka sita hajafikisha.

Sasa simsifii huyo Elizabeth. Aliolewa na tajiri wa Kiingereza na enzi zao ndo wakulima kwa maelfu walitolewa mabonde kama Strathnaver ili wawekwe kondoo, nyumba zikachomwa moto, wengine wakaishia Canada. Mumewe akapewa u-Duke, cheo cha juu kuliko u-Earl, 1833, sanamu yake mpaka leo ipo juu ya mlima na kuna wenyeji hawataki kuiona. Ila mbona wanaume hatuwaulizi kama ni malaika kabla ya kuwapa shamba?

Kinachonigusa zaidi ni 1963. Duke wa tano kafa hana mtoto, u-Duke unarithiwa na wanaume tu basi ukaenda kwa ndugu wa mbali huko, u-Earl unaruhusu wanawake ukaenda kwa binti wa mdogo wake wa kiume, Elizabeth mwingine, na Dunrobin ikabaki kwake. Kafariki 2019, mwanae kashika. Ukoo umehama wapi hapo?

Kwetu shangazi yangu alimuuguza babu mpaka mwisho, anamwogesha, anapalilia migomba, anammenyea ndizi, na matanga hayajaanuliwa vizuri kaambiwa atafute pa kwenda. Na sheria ipo! Mahakama Kuu Mwanza 1990 ilimpa haki mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikakataa mila za kumnyima mwanamke ardhi. Kinachokwama ni vikao vya ukoo, na sisi vijana tuliosoma tunakaa humo kimya tunakunywa rubisi (pombe ya ndizi). Wazee wenye mabinti andikeni wosia sasa hivi mkiwa na nguvu, mashahidi wawepo, na nyie kaka zao mkiitwa kikaoni semeni.