Felipe Baloy na bao la kufutia machozi

Tarehe 24 Juni 2018, Nizhny Novgorod, Urusi. Uingereza sita, Panama bila. Dakika ya 78 Ricardo Ávila anachonga mpira wa adhabu, mabeki wa Uingereza wamesinzia, Felipe Baloy anateleza na kuusukuma mpira wavuni mbele ya kipa Jordan Pickford. Jukwaa la Wapanama likalipuka kana kwamba wametwaa kombe. Kwa Kiswahili tunaliita bao la kufutia machozi, ila siku ile ndilo lililoyaleta.

Lilikuwa bao la kwanza la Panama katika historia ya Kombe la Dunia. Baloy, beki wa kati mwenye miaka 37, alikuwa ametoka benchi dakika ya 69. Baada ya fainali zile akaagana na timu ya taifa.

Wapo walioudhika na shangwe zile, na hoja yao si ya kupuuzwa. Panama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa mabao matano. John Stones alifunga mawili kwa kichwa, Harry Kane akapewa penalti mbili, moja ikitokana na Wapanama kumkumbatia mtu kwenye kona kama wanacheza mieleka. Kwa maneno mengine, siku ambayo ngome ya Panama ilibomoka kuliko zote pale Urusi, shujaa akawa beki. Unashangilia nini hapo? Na wanaosema kikosi kile kilijaa wazee walioitwa kwa heshima ya zamani hawakukosea sana, maana kilikuwa miongoni mwa vikosi vyenye umri mkubwa kwenye mashindano.

Lakini anayesema hivyo aitazame na njia waliyopita. Panama ilipoteza fainali mbili za Kombe la Dhahabu, mashindano ya mataifa ya Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, 2005 na 2013, zote mbele ya Marekani. Oktoba 2013, wakiwania kufuzu Kombe la Dunia la 2014, wakawa wanaongoza 2-1 dhidi ya Marekani hao hao, dakika 90 zimekwisha, tiketi ya mchujo dhidi ya New Zealand iko mkononi. Wakafungwa mawili katika dakika za nyongeza. Nchi iliyolala na hilo kwa miaka mitano ina haki ya kupiga kelele hata ikiwa imekula sita. Kwa hapo mimi niko upande wa jukwaa.

Ninachogomba nacho ni kitu kingine: bao lile limeufunika mpira wa Baloy mwenyewe. Mtu akitaja Baloy, picha inayokuja ni ya sekunde mbili za kuteleza. Nani anakumbuka kwamba alikuwa na Independiente Medellín ilipotwaa ubingwa wa Colombia 2002? Kisha akacheza Brazil, katika klabu za Grêmio na Atlético Paranaense, nchi ambayo haina njaa ya mabeki wa kuagiza nje. Halafu Mexico, ambako ndiko hasa alikojijengea jina: ubingwa na Monterrey mwishoni mwa 2009, kisha na Santos Laguna 2012, tena fainali ikiwa dhidi ya Monterrey ile ile. Monterrey nao waliifunga Santos katika fainali za Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF, mashindano ya klabu za ukanda huo, 2012 na 2013.

Beki wa Amerika ya Kati kudumu miaka yote hiyo kwenye ligi yenye fedha na washambuliaji wa Amerika Kusini si jambo dogo. Tatizo la beki ni kwamba kazi yake nzuri haionekani. Mpira aliouondoa hauna marudio kwenye televisheni.

Siku nne baadaye Panama ilicheza na Tunisia, ikatangulia, ikafungwa 2-1. Bao lile la Panama nalo linahesabika, ila aliyelifunga ni Yassine Meriah, beki wa Tunisia, aliyejifunga mwenyewe. Mpanama aliyefunga pale Urusi akabaki mmoja tu.