Lushoto kwa siku moja: anzeni Magamba, Irente isubiri jioni

Ziara ya siku moja ya Lushoto, kama inavyouzwa na wengi, imekaa kichwa chini miguu juu. Mgeni anachukuliwa saa 3 asubuhi baada ya chai nzito, anapelekwa Irente kupiga picha mwambani, anarudishwa mjini kula, halafu mchana kweupe anapandishwa msitu wa Magamba "kuona mbega". Sehemu zote hizo ni nzuri. Kilichokosewa ni saa.

Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Usambara ndiyo inayopokea unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Usiku hewa ile inapoa, na asubuhi ukungu unakaa mabondeni na kumwagikia ukingoni. Kuanzia Juni hadi Agosti, mtu anayesimama Irente saa 3 au saa 4 asubuhi anaweza kuona ukuta mweupe tu, huku muongoza wageni akinyoosha kidole na kusema, "Pale chini kuna Mazinde." Mgeni anaitikia kwa adabu. Amelipia kuona bonde, ameoneshwa pamba. Saa 6 mchana ukungu umeondoka lakini limekuja tatizo jingine: nyika imepata joto, vumbi na moshi vimepanda, na kila kitu kule chini kina rangi ya majivu. Nyika inaanza kuonekana vizuri saa 10 jioni, jua linapolala na vilima vidogo vinapoanza kuweka vivuli.

Msitu nao una tabia yake. Ndege wanaimba na kuonekana zaidi alfajiri hadi kama saa 3. Mbega hukaa juu ya miti mirefu wakiota jua la asubuhi, manyoya yao meupe yakionekana toka mbali, na jua likiwa kali wanajificha kwenye majani kupumzika. Alasiri mawingu hukusanyika, mvua ikitaka kunyesha ndiyo saa yake, na giza la chini ya miti linaanza mapema kuliko la mjini. Kumpeleka mtu Magamba saa 9 alasiri ni kumpeleka akatembee haraka haraka ili arudi.

Kwa hiyo geuzeni. Toka mjini saa 12 na nusu asubuhi. Kijiji cha Magamba kiko kama kilomita 7 kaskazini mwa Lushoto, kwa gari au bodaboda ni safari fupi. Msingoje chai kamili. Chukueni chapati na yai, na chai kwenye chupa. Hifadhi ya mazingira asilia ya Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumpa mtu noti mkononi. Hapa ndipo asubuhi nyingi huharibika: kundi limefika getini, mtandao uko chini, namba haitoki, na saa nzima ya ndege na mbega inaishia kwenye benchi. Muongozaji makini anaomba namba hiyo na kuilipia jana yake, akiwa na idadi kamili ya watu na uraia wao, maana mgeni wa ndani na wa nje hawalipi sawa. Ukiambiwa "tutalipa kulekule", uliza stakabadhi utaipata lini.

Njia za msituni ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, na ukilowa unateleza kama sabuni. Raba za mjini zenye soli bapa hazifai hata kama ni mpya na za bei. Vaeni kiatu chenye meno, chukueni fimbo ya kuteremkia, kwa kuwa wengi huanguka wakishuka, si wakipanda. Baada ya mvua siafu huvuka njia kwa misururu. Ingizeni suruali ndani ya soksi, na anayeongoza mbele aangalie chini kabla ya kusimamisha watu wamsikilize. Nimetaja kusimama kwa makusudi. Waongozaji wengine wana mtindo wa kusimulia huku wakitembea, wa kwanza anasikia yote, wa saba anasikia "...ndiyo maana ikaitwa hivyo."

Kundi lisizidi watu 8 kwa muongozaji mmoja. Yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote awekwe wa pili, nyuma ya kiongozi, ili yeye ndiye apange kasi. Akiachwa mkiani atatembea peke yake, na kila akiwafikia wenzake wao ndio wanainuka, kwa hiyo anayehitaji kupumzika ndiye asiyepumzika. Saa 3 za msituni zinatosha kwa ziara ya siku moja. Saa 4 na nusu au saa 5 asubuhi muwe mnateremka.

Mle ndani, kazi ya muongozaji si kutaja majina ya Kilatini. Aoneshe mkulo na mwangati, miti ya mbao, aeleze kwa nini miti mikubwa haiko mingi kama mtu angetarajia. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wajerumani walijenga waya wa kubebea magogo kutoka Shume, juu ya milima, hadi Mkumbara kule nyikani kwenye reli, kusudi mwangati ushuke bila kuhitaji barabara. Mgeni akisikia hilo akiwa amesimama kando ya mti wenyewe, msitu unaacha kuwa "kijani kizuri" tu. Na ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo Ulaya linawekwa kwenye vyungu madirishani, halioti juani. Linakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na mtawala wa wilaya wa Kijerumani, von Saint Paul, na mwaka uliofuata mmea ukapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Muongozaji anayeonesha ua lolote la zambarau kando ya barabara na kulipa jina hilo anajidhalilisha bure. Heri aseme leo hatujaliona.

Mchana sina mengi ya kusema. Kuleni mjini. Ikiwa ni Alhamisi au Jumapili, soko la Lushoto linastahili saa nzima, kwa kuwa hizo ndizo siku zake kubwa. Siku nyingine nusu saa inatosha. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Februari hivi mtakuta plamu, pichi na peasi. Msinunue tenga zima saa 7 mchana halafu mkatembee nalo. Lipieni, muuzaji awawekee, mlipitie kesho mkiondoka. Pichi iliyobanwa ndani ya gari toka Lushoto hadi Dar inafika imekuwa jemu, kwa hiyo chagueni ngumu, zilizoanza tu kugeuka rangi.

Saa 8 na nusu mchana anzeni kutembea kwenda Irente. Ndiyo, kutembea. Ni kama kilomita 6, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu wa kawaida, na wanaopelekwa kwa gari hadi mwambani wanakosa nusu ya ziara. Njia inapita Yoghoi, katikati ya mashamba ya kabichi, karoti, mahindi na migomba, na pale ndipo mlima unaposomeka. Angalieni mistari ya majani ya mifugo iliyopandwa kukata mteremko: inazuia udongo usishuke na inalisha ng'ombe wa zizini. Udongo ni jambo zito huku. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ya Kiingereza ililazimisha wakulima wa Mlalo, hukuhuku Usambara, walime kwa matuta, kazi ya sulubu ambayo watu waliona inawapunguzia chakula, nao wakaipinga hadi mpango ukafa kabla ya uhuru. Mgeni anayedhani mistari ile ya majani ni pambo la mandhari anahitaji kuambiwa hilo, kwa dakika mbili tu, akiwa ameliangalia shamba.

Salimianeni na watu. Msambaa mtu mzima ukimwamkia "Onga mshi" mchana atacheka na atakuitikia, na baada ya hapo ruhusa ya picha inaombwa kwa urahisi. Bila salamu, usinyanyue simu. Mama aliyebeba kuni si mandhari.

Na kuna jambo ambalo kwenye baadhi ya programu linawekwa kama kituo cha mapumziko: kutembelea watoto wanaolelewa vituoni, wageni wagawe pipi, wapige picha, waondoke. Mimi ningelifuta kabisa. Anayetaka kusaidia atoe mchango ofisini, apewe risiti, aendelee na safari yake.

Shamba la Irente, ambalo liko chini ya Kanisa la Kilutheri, mnalifikia kabla ya mwamba. Jibini, mkate mweusi na jemu zake zinajulikana hadi mbali. Ila kama mnataka kula pale, agizeni asubuhi kwa simu. Kundi la watu 8 likitokea ghafla saa 10 jioni likitaka mlo, litakula kilichopo, na si kosa la mpishi.

Saa 11 jioni mko mwambani. Mbele ya miguu ardhi inakatika, takriban mita 1,000 hadi nyikani. Sehemu kubwa ya ukingo haina uzio. Mwamba wenyewe ukiwa mkavu unashika vizuri, lakini ukilowa, au ukiwa na mchanga mwembamba juu yake, kiatu kinateleza bila onyo, na upepo wa jioni unasukuma kutoka upande usioutarajia. Kanuni ni rahisi: mtoto ashikwe mkono, asiachwe "acheze tu hapo". Anayepiga picha asirudi kinyumenyume. Anayetaka kuchungulia chini kabisa alale kifudifudi, atambae mpaka kichwa kipite ukingo. Ataona vizuri kuliko aliyesimama, na si rahisi apate kizunguzungu.

Sasa muongozaji ndiyo aseme, kwa kuwa hapa mandhari yote ni hadithi moja. Barabara ile nyembamba ni ya kutoka Dar kwenda Moshi na Arusha. Reli iliyo karibu nayo ilifika Mombo kutoka Tanga mwaka 1905. Kijiji kile ni Mazinde. Wakati milima hii ilipotawaliwa na Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, mji mkuu ulikuwa Vuga, huku juu. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja akawa amekaa Mazinde, nyikani, ambako misafara ya biashara kati ya pwani na bara ilipita na bunduki zilipatikana. Aliyeshika njia ya chini akawa na nguvu kuliko aliyeketi kwenye kiti cha juu, na Vuga yenyewe ikashambuliwa. Kutoka Irente mgeni anaiona sababu kwa macho: ukitazama umbali kati ya ukingo na ile barabara, unaelewa kwa nini biashara haikuwa na haja ya kupanda. Sijaona mahali pengine Tanzania ambapo somo zima la historia linaingia kwenye upeo mmoja wa macho namna hii, na bado wageni wengi wanaondoka wameambiwa tu kwamba "hapa ni pazuri sana kwa picha".

Mtaulizwa kuhusu vijiji vya Mtae na Mambo. Huko kuna kingo nzuri kushinda Irente, sibishani. Lakini Mtae ni saa kadhaa za barabara mbovu kwenda na nyingine kurudi, na kuiingiza kwenye siku hiihii ni kununua siku nzima ya kiti cha gari. Laleni huko usiku mmoja au acheni. Maporomoko ya Soni yasichukue muda wa siku hii pia: yako njiani kati ya Mombo na Lushoto, simameni dakika 20 mnapokuja au mnapoondoka. Kusimama huko kunawafaa pia wanaotapika kwenye zile kona, kwani kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda na kuzunguka, na lori la kabichi mbele yenu haliharakishwi na honi.

Kuhusu bei, msikubali namba moja tu ya "kila kitu". Ombeni ichanganuliwe: posho ya muongozaji, kiingilio cha msitu, mchango wa kijiji kama upo, usafiri, chakula. Bei ikionekana ndogo mno, mara nyingi kiingilio hakimo na mtakisikia getini. Muulizeni pia kitambulisho, na muulizeni mpango wake ni upi ukungu usipoondoka. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, jibu zuri ni kwamba ratiba inageuzwa: alfajiri ikiwa wazi mnakimbilia Irente kwanza, kwa kuwa jioni haina dhamana.

Jua likishazama giza linaingia upesi. Bodaboda za kurudia ziagizwe kabla, bei ipatanwe mchana. Mkipatana gizani mkiwa na baridi, mmeshapoteza. Wanaochagua kurudi kwa miguu wawe na tochi kila mmoja, na wamulike vichaka vya kando. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, kwa hiyo mwanga ukimpiga anang'aa kama jani lililokauka mahali pasipo na jani kavu, mkia umejikunja, amekamata kitawi kwa miguu yote minne. Mchana mngepita mita moja kutoka kwake msimwone, au mngeletewa juu ya kijiti na mtoto anayetaka shilingi mia tano. Msimlipe anayemleta. Huyu mliyemkuta mwachieni kitawi chake, mulikeni sekunde chache, mwendelee na njia.