Oktoba 24: tarehe moja inabeba nini?

Orodha za "siku kama ya leo" huwa na mengi ikifika Oktoba 24. Mwaka 1632 alizaliwa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyekuja kuwa mtu wa kwanza kuona bakteria, kwa hadubini alizozitengeneza mwenyewe. Mwaka 1648 ilisainiwa Amani ya Westphalia, mikataba iliyomaliza vita vya miaka 30 huko Ulaya. Mwaka 1891 alizaliwa Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1945 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulianza kutumika, na mwaka 1964 Zambia ikapata uhuru. Kila tukio hupewa mstari wake mmoja, kana kwamba yote yana uzito sawa.

Wanaozipinga orodha hizi wana hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba siku yenyewe mara nyingi si imara. Mkataba mmojawapo wa Westphalia, uliojadiliwa mjini Osnabrück, una tarehe mbili, Oktoba 14 na 24, kwa sababu Waprotestanti wengi wa Ujerumani walikuwa bado wanahesabu siku kwa kalenda ya Julius, huku Wakatoliki wakifuata ya Gregory. Walikubaliana kumaliza vita vya miaka 30 kabla ya kukubaliana leo ni tarehe ngapi.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: tarehe moja huficha kazi. Kabla ya saini kuwekwa Münster, mji ilikosainiwa Amani ya Westphalia, wajumbe walikuwa wamejadiliana kwa miaka kadhaa huku majeshi yakiendelea kupigana, na hata baada yake ilibidi wakutane tena Nürnberg, hadi 1650, kupanga namna ya kuwaondoa askari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa nao ulisainiwa San Francisco Juni 26, 1945, na nchi 50. Poland ikaongezeka baadaye. Oktoba 24 ni siku ambayo wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, pamoja na wengi wa watia saini wengine, walikuwa wamekamilisha kuuridhia. Hakukuwa na ukumbi uliojaa shangwe. Ni makaratasi yaliyotimia idadi, na mimi naona heshima kubwa katika makaratasi hayo.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Tarehe ni kamba ya kufungia kumbukumbu. Mtu asiyeweza kusoma kitabu kizima kuhusu Westphalia anaweza kukutana nayo kwa dakika moja, akavutika, akaendelea kutafuta. Tena matukio yanapowekwa bega kwa bega huzuka maswali ambayo kila moja peke yake lisingeyazua. Oktoba 24, 1945, Trujillo alikuwa anatimiza miaka 54. Miaka minane nyuma, mwaka 1937, majeshi yake yalikuwa yameua maelfu ya Wahaiti, na sasa nchi yake ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chombo kilichoahidi kulinda utu wa binadamu. Sadfa ya kalenda haielezi jambo hilo. Lakini ndiyo inayotufanya tuulize: ahadi ile ilikuwa ya nani, hasa?

Swali hilo linafika Afrika moja kwa moja. Kati ya waanzilishi 51, nchi za Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wazungu wachache. Rhodesia ya Kaskazini ilitajwa ndani ya mfumo huo kama eneo lisilojitawala, ambalo Uingereza ilipaswa kutoa taarifa zake. Miaka 19 baadaye, tarehe ileile, eneo hilo likawa Zambia. Hapa tarehe haiunganishi vitu vilivyookotwa ovyo. Kati ya 1945 na 1964 kuna uzi wa kweli.

Kwa watoto waliozaliwa siku hiyo siuoni uzi huo. Mkataba huandikwa siku ambayo watu wameamua kuuandika, mtoto hachagui. Leeuwenhoek alitimiza miaka 16 siku ileile Westphalia iliposainiwa, na sioni hilo linatufundisha nini kuhusu amani wala kuhusu bakteria. Isitoshe, orodha za kuzaliwa hupendelea waliokuwa na mwandishi karibu. Mkwawa wa Wahehe hana siku ya kuzaliwa inayojulikana. Siku ya kifo chake, Julai 19, 1898, inajulikana kwa sababu Wajerumani waliokuwa wakimwinda waliiandika. Akaja kuingia katika diplomasia akiwa marehemu: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake, na likarudi Tanganyika mwaka 1954. Mtu wa uzito huo hapati mstari katika orodha yoyote ya waliozaliwa.

Kwa hiyo, kama ingekuwa juu yangu, mikataba ingebaki, kila mmoja na maelezo ya miezi iliyoutangulia, na siku za kuzaliwa zingepunguzwa sana. Na ningeanza na Tokyo. Michezo ya Olimpiki ya 1964 ilifunguliwa Oktoba 10, na wanamichezo wa Rhodesia ya Kaskazini wakaingia uwanjani kwa jina hilo. Ilifungwa Oktoba 24, nao wakapita mbele ya dunia na bendera mpya, wakiwa Wazambia.